Nguruwe Niliyemwita Baba

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mtaa wetu wote wa Katuba ulijua kwamba baba yangu amebebwa na batumbula.

Kwa ambaye hakukulia Lubumbashi: batumbula walisemekana kuwawindia wazungu watu weusi. Wanakuziba mdomo, wanakufungia katika kave, chini ya nyumba, wanakulisha mpaka unageuka nguruwe. Noeli unaliwa. Baba alikwenda kutafuta unga siku risasi zilipoanza kulia mjini, hakurudi. "Batumbula bamemubeba," mama akasema, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Basi kulikuwa na Papa Honoré, boyi wa wazungu. Mabwana zake walipokimbia vita, yeye alibaki na funguo na maneno mengi. Kila Jumapili baada ya misa alitembeza watu katika nyumba tupu za mjini, kofia ya bwana wake kichwani, na kila mtu alimletea kikombe cha unga. Na njaa ile! Hapa, alisema, madame aliyekufa anapiga piano. Hapa damu haitoki hata ukisugua. (Niliiona. Ilikuwa kutu.) Nyumba ya mwisho ndiyo ilikuwa ya batumbula. Niliiba unga wa Kambo, mama wa mama yangu, nikaenda. Wengine walifuata woga. Mimi nilifuata baba.

"Musiongee! Beko pale chini," Papa Honoré alinong'ona, akafungua mlango wa kave.

Kule chini kitu kikakoroma. Watu wazima na akili zao wakatimua mbio mpaka barabarani, katekista wetu mbele. Mimi nikashuka.

"Baba?"

Kikaitika, "Hrrr."

Sasa mtoto atake ushahidi gani tena? Nikamfunga kitenge shingoni, nikamvuta mpaka nje.

"We mutoto! Rudisha nguruwe yangu!"

"Haiko yako! Ni baba yangu!"

Katekista aliyekuwa anakimbia akasimama. Akarudi pole pole. "Nguruwe ya nani, Papa Honoré? Kumbe unga yetu njo nguruwe inakula?"

Walimchinja nguruwe jioni ileile, wakagawana nyama kulingana na unga ambao kila mtu alikuwa ametoa. Nilimshika mguu nikapiga kelele. Kambo alifika na beseni.

"Nyamaza. Kama iko baba yako, hii njo mara ya kwanza analeta nyama ku nyumba."

Mama alikula akilia. Mimi sikugusa, siku ile wala kesho yake.

Baada ya miezi kadhaa baba alirudi kutoka Kasenga, kwenye mji wa wavuvi, mashavu yamejaa, na mzigo wa samaki wakavu, na bibi mwingine, na mtoto wao aliyekwisha kuota meno yote. Kambo alimtazama toka juu mpaka chini.

"Batumbula bamekulisha muzuri."

Mama alikuwa anajua habari ya Kasenga tangu siku ya kwanza; nilielewa hilo nilipoachwa mimi mwenyewe, nikiwa na watoto watatu wananiuliza baba yao yuko wapi. Mume aliyebebwa, majirani wanakusaidia kumlilia, wanakuletea na chumvi. Aliyekwenda kwa miguu yake, wanakuja kukuchungulia tu. Kwa hiyo mama simlaumu, na wajukuu wakicheka batumbula nawaacha wacheke.

Kinachoniudhi ni ile nyama. Siku mbili nzima nilishinda njaa kwa heshima ya mtu aliyekuwa Kasenga anakula samaki.