Bloku Mbili za Ireri Namu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, Mkuu wa Maabara wa hospitali moja mjini Meru alinikabidhi ndoo, brashi ya chupa na aproni iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Nilikuwa nimeajiriwa kuosha vyombo. Aliniuliza kama najua kusoma. Nikamwambia nimemaliza kidato cha nne.

"Basi utasoma lebo kabla ya kuosha," akasema. "Aliyekutangulia alimwaga uvimbe wa mtu kwenye sinki. Alidhani ni maji machafu."

Hiyo ilikuwa sehemu ya histolojia, yaani maabara ya nyama za mwili. Daktari akikata kipande cha uvimbe, hukitia katika formalini ili kisioze na kutuletea. Sisi hukiondolea maji kwa spiriti, tukakizamisha ndani ya nta ya moto, kisha nta ikapoa. Kinachopatikana kinaitwa bloku: kibonge kidogo cha nta, chembamba kuliko kisanduku cha kiberiti, na nyama ya mgonjwa katikati yake. Bloku hukatwa kwa maikrotomu, mashine yenye wembe mkali sana, hadi unapata utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando huo hulazwa juu ya slaidi ya kioo na kutiwa rangi ya waridi na ya zambarau. Ndipo daktari anapotazama kwa hadubini na kusema ni saratani au siyo.

Hakuna aliyenifundisha kwa mpango. Mkuu wa Maabara alikuwa na kitabu kimoja kikuukuu, akaniruhusu kukibeba Ijumaa na kukirudisha Jumatatu. Nilinakili kurasa mbili kila jioni katika daftari la shule, picha na maelezo. Mwaka wa nne alinipa wembe. Nilipoharibu bloku ya kwanza hakunigombeza. Alinifanya niandike barua kwa daktari kueleza nilichoharibu na kwa nini. Alinifundisha pia jambo lililoniudhi kwa miaka mingi kwa sababu lilinichelewesha kurudi nyumbani.

"Bloku ikitoka nje ya jengo hili, hairudi kabatini hivi hivi," alisema. "Unaikata tena, unaipaka rangi, unaitazama, unailinganisha na ripoti ya kwanza."

"Na kama ilienda chumba cha pili tu, Bwana Mkuu?"

"Nimesema nje ya jengo. Wewe ni wakili?"

Nilifanya mtihani wa cheti nikiwa na miaka thelathini na mmoja, nikahamishiwa kituo cha afya karibu na Karurumo. Huko hakukuwa na histolojia. Nilipima malaria, choo na mkojo kwa miaka sita, lakini nilijifunza kitu ambacho kitabu hakikuwa nacho. Watu wa pande hizi, kama sisi Wameru wengi, mtoto wa kwanza wa kiume humwita kwa jina la babu yake. Ireri akimzaa Namu, Namu naye atamzaa Ireri. Kwa hiyo babu ni Ireri Namu, na mjukuu ni Ireri Namu. Padri akishabatiza, mara nyingi jina la Kikristo nalo hufuata lile la babu. Wiki moja nilipata watu watatu wenye jina moja, wote wa boma moja, na Mganga Mkuu wa kituo akanipigia kelele kwamba nimeandika mtu mmoja mara tatu.

Nilipohamia Embu, katika maabara kubwa zaidi, nilijiona nimeshalijua tatizo hilo. Kabati la bloku lilipangwa kwa namba, lakini wagonjwa walikuja bila namba: karatasi imelowa, imepotea, au imebaki nyumbani huko Ishiara. Nikatengeneza kadi. Kila kadi ilikuwa na jina, mahali mtu anapotoka, sehemu ya mwili na namba ya bloku. Umri sikuandika. Wazee wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, na sikutaka kuandika kitu cha kukisia. Daktari wa Patholojia, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wangu hapo, alizisifu kadi zile mbele ya wageni. Nami nilizionea fahari, sikatai.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu alikuja kijana wa miaka thelathini na minne, Stanley Ireri Namu, dalali wa mbuzi katika soko la Ishiara. Dalali hana mbuzi wake. Ana mdomo tu. Husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, akapandisha, akashusha, akafanya mzaha mpaka wakubaliane, naye akapata chake. Alikuwa na uvimbe kwenye tonsili, ile nyama ya pembeni mwa koo, na tezi zilizovimba shingoni. Tuliusoma uvimbe, ukawa saratani. Madaktari walikuwa na njia mbili: mionzi pamoja na dawa, au upasuaji mkubwa wa kuondoa sehemu ya nyuma ya ulimi, na pengine kisanduku cha sauti. Kabla ya kuchagua, Daktari wa Mionzi aliomba kipimo cha alama ya jeni.

Nieleze kidogo, kwa maana tulipoanza kazi kitu hiki hatukukijua. Saratani za koo zinaweza kufanana kwa macho na zikawa na chanzo tofauti. Nyingine huletwa na tumbaku na pombe. Ndani ya hizo, jeni ambayo kazi yake ni kuilinda seli mara nyingi imevunjika, na seli hizo huweza kuwa sugu kwa mionzi. Nyingine huletwa na virusi vya papiloma. Virusi huingia kwenye jeni za seli na kuifunga ile jeni ya ulinzi bila kuivunja. Seli za namna hii mionzi ikizipiga hushindwa kujikarabati, nazo hufa kwa urahisi zaidi. Alama ya virusi hivyo ni protini iitwayo p16. Ikiwepo, slaidi hugeuka kahawia. Daktari wa Mionzi alikuwa mwangalifu kila mara kusema kwamba alama si ahadi, bali ni sababu mojawapo ya kuchagua njia.

Kipimo kilifanywa Nairobi. Nilivuta kadi: Stanley Ireri Namu, Ishiara, koo. Nikatoa bloku, nikaifunga, nikaituma. Jibu likarudi: hasi. Hakuna kahawia. Madaktari wakakaa, wakachagua upasuaji, wakapanga siku ya Alhamisi.

Bloku ilirudi Jumatatu. Nilikuwa na kazi nyingi na nilitamani kuirudisha kabatini tu. Niliikata kwa mazoea, nikaipaka rangi, nikaitazama saa kumi na robo alasiri. Niliona seli zenye magamba, zimejikunja mviringo kama lulu, jambo la kawaida katika saratani ya tumbaku. Ripoti ya dalali ilisema seli zilizobanana, zisizo na magamba, ndani ya nyama ya tonsili. Hapa hapakuwa na tonsili hata kidogo.

Nilisoma namba upya. Ilikuwa ya miaka mitatu nyuma. Nikarudi kwenye kadi, nikakuta kadi mbili zimeshikana. Stanley Ireri Namu, Ishiara, koo. Na Stanley Ireri Namu, Ishiara, koo.

Nilienda kwa Daktari wa Patholojia na slaidi mkononi. Alitazama, akaegemea kiti.

"Huyu ni nani?"

"Babu yake, Daktari. Nilituma bloku ya babu."

"Nani alituma?"

"Mimi."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatatu."

"Basi tuna nafasi. Mama Kendi, kaa chini kabla hujaanguka, halafu uniletee ile nyingine."

Alimpigia simu Daktari wa Upasuaji, na upasuaji ukasimamishwa. Nilisema bloku sahihi nitaipeleka Nairobi mwenyewe na gharama ya kipimo cha pili nitalipa mimi. Akasema hospitali ingeweza kuandika maombi ya fedha. Nikamwambia maombi huchukua wiki tatu. Hakubishana.

Kabla ya kuondoka tuliiita familia. Walikuja watatu: dalali, babu yake na nyanya yake. Hapo ndipo nilipomwona mzee kwa mara ya kwanza, maana sisi wa maabara tunawajua watu kwa vipande. Alikuwa na tundu shingoni lililofunikwa kwa kitambaa safi. Kisanduku chake cha sauti kiliondolewa katika hospitali nyingine baada ya sisi kusoma bloku yake. Alikuwa amepona, lakini hakuwa na sauti. Aliongea kwa kugonga fimbo na kwa kuandika katika kidaftari. Nilielewa kwa nini kijana alikuwa amekonda kuliko ugonjwa wenyewe ungemkondesha. Kila siku nyumbani alikuwa akitazama mahali alipokuwa anaelekea.

Nilieleza kosa langu pole pole, bila kujitetea.

"Kwa hiyo mmempima babu mara mbili, na mimi bado," dalali alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Mama, hata sokoni kwetu mbuzi mmoja hahesabiwi mara mbili."

"Ni kweli."

"Na babu anasemaje huko ndani ya bloku? Bado ni mkorofi?"

Mzee aligonga fimbo kwenye kiatu cha mjukuu. Nyanya akacheka, akafuta macho kwa leso.

"Nilisema siku ya ubatizo, jina la Kikristo tumpe jingine," akasema. "Huyu mzee akakataa. Alitaka kila kitu."

Mzee akaandika katika kidaftari na kunipa nisome: *Kama jina lilimpa ugonjwa wangu, limrudishie wake mwenyewe.* Nikampa kidaftari chake kwa mikono miwili.

Nilipanda gari la alfajiri na bloku imefungwa kwa pamba ndani ya kisanduku cha chakula. Jibu lilichukua siku sita. Sikulala vizuri siku hizo, kwa sababu nilijua jambo moja ambalo familia haikulifikiria sana: jibu la pili lingeweza kuwa hasi pia, na yote haya yangekuwa ya kumchelewesha tu.

Daktari wa Patholojia aliniita niitazame slaidi mwenyewe. Ilikuwa kahawia kila mahali, kama chai ya rangi iliyomwagika kwenye karatasi.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Basi nenda nyumbani. Umekuwa na sura mbaya wiki nzima."

Dalali alipewa mionzi wiki saba jijini, pamoja na dawa. Mdomo ulikauka, ngozi ya shingo ikaungua, alikula uji kwa miezi. Uvimbe uliisha. Nilipostaafu alikuwa ametimiza mwaka na nusu bila dalili, na Daktari wa Mionzi, ambaye hapendi kusema maneno makubwa, alisema ameridhika.

Kadi zangu nilizichukua kabla ya kustaafu, nikaziandika zote upya. Sasa zina umri, hata wa kukisia, jina la mama mzazi, na namba inayosomwa na watu wawili. Ilinichukua miezi mitano baada ya saa za kazi. Vijana walio kazini sasa wana kompyuta, na nawaambia kwamba kompyuta nayo itawaletea Ireri Namu wawili ikiwa mtaiuliza kwa jina. Na bloku ikirudi kutoka nje, ikateni tena. Mtanichukia kwa miaka mingi, kama nilivyomchukia Mkuu wa Maabara wa Meru, ambaye hakuishi kuona siku ile alipomwokoa dalali wa Ishiara.

Mwezi uliopita nilipita Ishiara siku ya soko. Nilimsikia kabla ya kumwona. Sauti ina mikwaruzo, lakini inafika. Alinivuta kando, akasema amesikia nililipa kipimo kwa mfuko wangu, na anataka kunirudishia kwa mbuzi.

"Sitaki mbuzi," nikasema.

"Wa miezi minane. Ana masikio mazuri."

"Ireri, sitaki."

"Basi nusu mbuzi. Mama Kendi, panda kidogo, usiniaibishe mbele ya watu."

Nilikataa mpaka akachoka, jambo ambalo jirani zake walisema hawajawahi kuliona. Risiti ninayo mpaka leo ndani ya lile daftari la shule. Hiyo ndiyo hasara yote iliyotokana na kosa langu, na hakuna fedha niliyowahi kutoa kwa moyo mwepesi zaidi: shilingi elfu kumi na mbili na mia tano.