Neno la Mwisho la Joab

Kasha la chai likipita siku hizi utaona namba tu, na namba haina baba wala mama. Lakini kabla ya mwaka wa thelathini na mbili, kila shehena iliyotoka katika lile shamba la upande wa Kericho ilikuwa na neno lake, na mkono wa mwisho kulipaka ulikuwa wa Okeyo. Mpaka leo, gari la ng'ombe likipita na makasha kuelekea stesheni ya Lumbwa, Okeyo husimama katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, akalitazama mpaka lipotee. Roho inamuuma, tusifichane.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na vipande vya bati vilivyotobolewa herufi, na fremu ya mbao iliyoshika vipande vitano, si vinne wala sita. Kila shehena ilitakiwa iwe na neno moja la Kizungu, ili mnunuzi wa ng'ambo akipigiwa telegramu ajue mara moja ni makasha gani. Tena Bwana, Mzungu mwenye shamba, kwa kuwa chai yake na ya jirani yake zililala ghala moja kule Lumbwa, aliamuru maneno yake yote yawe na K na R ndani. Herufi tano, K na R, na neno likishatumika halirudiwi. Jaribu wewe uone kama utafika mbali.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Joab, mtu wa ziwani kama yeye, ingawa hawakuwa ndugu. Joab alikuwa mcheshi, na kalamu ilimpa kiburi kidogo. Maneno ya daftari lake aliyaokota kila mahali: BRICK kwenye tanuri la matofali, TRUCK kwa dereva, DRINK kwenye chupa iliyotupwa, STORK chini ya picha ya korongo kwenye kitabu cha watoto wa Bwana. Kazi ikiisha walikaa juu ya makasha matupu wakila mahindi ya kuchoma, naye Joab akichora herufi kwa kipande cha makaa.

"Hii K, angalia vizuri," alikuwa akisema. "Ni mtu anapiga mwenzake teke."

Okeyo alicheka mpaka mahindi yakampalia, na herufi ikaingia kichwani isitoke tena. Hajawahi kuona siku tamu kama zile.

Neno la mwisho daftarini lilikuwa BRISK. Joab alimsikia Bwana akilitamka kuisifu chai fulani iliyomchangamsha ulimi, huku akitabasamu, na Bwana hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo. Joab akamwomba karani amwandikie.

"Hii tunaweka," alimwambia Okeyo. "Tutapaka siku ile chai itatoka ya kweli kweli."

Siku hiyo hakuiona. Mwaka wa thelathini homa ilimchukua kwa siku tatu, akazikwa nyuma ya kambi ya vibarua, mbali na kwao. Mama yake hakumwona. Hakuacha mke, wala mtoto wa kuendeleza jina lake, na kwa Wajaluo hilo ni baya kuliko kifo chenyewe. Okeyo alirithi brashi, daftari na upweke.

Miaka miwili baadaye maneno yote yalikuwa yamekwisha, isipokuwa hilo moja. Jumamosi Bwana alimwita.

"Jumatatu mimi nataka neno mpya. Kama hapana neno, wewe rudi kuchuma."

Okeyo aliitikia bila wasiwasi, kwa kuwa BRISK lilikuwepo. Wasiwasi wake ulikuwa nyumbani. Mkewe, Wilkista, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku ya Alhamisi, na tangu Ijumaa mtoto analia, titi hataki.

"Anatafuta jina," alisema Syprose, mama yake Okeyo, aliyekuja kumwangalia mzazi. Kwao, mtoto mchanga akilia namna hiyo, kuna marehemu anayetaka kukumbukwa. Wafu hutajwa mmoja mmoja, na mwenye haja akitajwa, mtoto hunyamaza, akanyonya.

Basi Jumapili baada ya ibada wakaanza kutaja. Wakataja mababu, wakataja mabibi, wakafika hata kwa mjomba mmoja aliyejulikana kwa wizi wa kuku. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, huyu atakufa," Wilkista alisema, naye mwenyewe akaanza kulia.

Okeyo alimchukua mtoto, akawa anaenda na kurudi mlangoni. Majina yalikuwa yamemwishia, na mdomo wake, bila kutumwa, ukaanza kusoma kile ulichokijua kwa moyo.

"Brick. Truck. Drink. Stork."

"Sasa unamsomea makasha?" Syprose akamkemea.

"Brisk," Okeyo akasema.

Mtoto akanyamaza. Wilkista alimpokea haraka, na mtoto akanyonya kama aliyetoka safari ndefu.

"Huyo ni nani?" Syprose aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si mtu, Mama. Ni neno la..." Okeyo akakwama, machozi yakamjaa. "Ni Joab."

Syprose alimgeukia mtoto. "Sisi si watu wake. Lakini hapa ndipo alipokuwa na rafiki. Mtoto ni Brisiki, na yamekwisha."

Jumatatu asubuhi Okeyo alipanga bati tano kwenye fremu, akachovya brashi. Neno lilikuwa mbele yake, na kazi yake ilikuwa ndani ya neno hilo. Aliinua mkono mara tatu. Lakini jana lilikuwa neno, leo lilikuwa mtu, na mtu hapigiliwi kwenye kasha akapelekwa Ulaya kunywewa.

"Neno iko wapi?" Bwana aliuliza alipoingia.

"Lilikuwako moja, Bwana. Limepata mwenyewe."

Bwana hakuelewa, wala hakutaka kueleweshwa. Kufika saa sita Okeyo alikuwa amepewa kikapu, na karani Kinyua alikuwa ameagiza bati za namba, ambazo hazikwishi.

Mwaka huu wa thelathini na nane, Brisiki akiwa na miaka sita, Okeyo alipata ruhusa ya wiki mbili, akampeleka ziwani, mpaka boma la Jerusa, mama yake Joab. Walimkuta bibi mlangoni, macho yamefifia, akikoroga uji.

"Nani huyo umekuja naye?" aliuliza.

Okeyo alimsimulia yote: daftari, kilio, neno. Jerusa hakuuliza maana yake kwa Kizungu. Alimvuta mtoto karibu, akampapasa uso taratibu, paji mpaka kidevu, akamtemea mate kidogo kifuani kumbariki. Kisha akamimina uji kwenye kibuyu, akamshikisha kwa mikono yote miwili.

"Umekawia, Joab," alisema. "Kunywa, usije ukapoa."