Ngome Yangu ya Kasulu

Nilisomea ujenzi pwani, nikapata diploma, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukarabati ngome ya kale inayotazama bahari. Ilijengwa kwa ajili ya mizinga. Baadaye ukoo mmoja tajiri ukaigeuza jumba la kuishi, ukatandika mazulia palipokuwa na baruti. Nilipokuwa napaka chokaa kuta zake, nilijiambia kwamba na mimi nitakuwa na ngome kama hii.

Nimerudi kwetu Kasulu, bara, mbali na bahari, na ninayo. Kuta nene, madirisha membamba kama matundu ya bunduki, na juu paa bapa la zege lililozungushiwa meno ya ukuta. Kutoka hapa mpaka Kibondo hakuna mwenye nyumba kama hii. Nimeuliza.

Mwenye duka wa jirani, ambaye kwao ni pwani, alisimama barabarani akaitazama.

"Bwana mkubwa, bahari umeagiza, au inakuja yenyewe?"

"Bahari lete wewe. Si ya kwenu?"

Mzaha wake sikuujali. Nyumba niliijenga ili mama aishi humo, nikamtoa kijijini kwake Kitanga na kumnunulia godoro jipya. Wiki haijaisha, nikamkuta amefunga nguo zake kwenye kitenge.

"Mwanangu, narudi kwangu. Watu wanapita wananiambia 'Mwakeye', naitikia, hawanisikii. Jana mwanamke kasimama hapo nje mpaka kachoka, kaondoka amenuna. Watasema nina maringo."

Kwetu salamu hiyo ya asubuhi huitikiwa kwa makofi ya taratibu, aliyekusalimu akikuona. Nikamweleza faida za kuta nene. Akakaza fundo.

Nikamwomba kitu kimoja: kabla hajaondoka, apande aone paa. Akapanda, akininung'unikia kila ngazi. Juu akalipapasa zege lenye joto la jua.

"Hapa maharage yangekauka vizuri."

Kisha akachungulia kati ya meno mawili ya ukuta. Chini, mwenye duka alikuwa anafungua mlango.

"Mwakeye!" mama akapaza sauti, akipiga makofi.

Kufuli likamponyoka yule bwana. "Mwakeye, mama! Nilidhani mzinga!"

Kitenge sasa kimetandazwa juu, kimejaa maharage, na mama yuko pembeni yake. Haishii kwenye salamu. Anauliza shamba, watoto, na mbuzi. Wenye haraka wameanza kuzungukia njia ya nyuma. Ile ngome ya pwani, pamoja na mizinga yake yote, sijasikia kama iliwahi kufunga barabara namna hii.