Nilivyokwenda Kuposa Kimbiji Nikiwashwa

Nyie mlionizoea hapa Temeke mnajua kwamba mie sikufundishwa kazi na mtu. Shuleni nilikaa mpaka mwalimu akachoka, nikatoka nikaanza kujaza sufi kwenye magunia ya watu, na leo magodoro yangu yanalaliwa kuanzia Keko mpaka Kinondoni. Karani wa Bomani akiumwa mgongo anauliza fundi Salumu yuko wapi. Nyumba yangu ina bati, baiskeli ninayo. Kilichopungua kilikuwa mtu wa kukaa katika nyumba hiyo, maana mke wangu alifariki, Mungu amrehemu, na mwanamume kujipikia wali ukaungua chini ya bati jipya si jambo la kujivunia.

Zuhura nilimwona mara moja tu, kwenye harusi nyumbani kwa rafiki yangu Kondo muuza vyungu. Alikuwa anamcheka mpiga ngoma aliyepotelewa na mdundo. Kicheko kile kilinikaa kifuani, kila nikishona godoro nakisikia. Kondo akanambia huyo ni mjane, hana mtoto, anaishi Kimbiji na kaka yake Shomari, na wanaume wawili wamekwisha kwenda kumposa akawakataa. Kusikia amekataa wawili ndiyo nikamtaka zaidi. Kitu kinachopatikana na kila mtu mie sikitaki.

Mila yetu mnaijua: mtu akitaka kuposa humtuma mshenga, yeye mwenyewe anabaki nyumbani akingoja majibu. Kondo akakubali kuwa mshenga wangu. Lakini Kondo ni mtu mpole. Akisifu kitu utadhani anakiombea radhi. Nikamwambia tutakwenda wote.

"Posa haiendi na mwenye posa, Salumu," akasema. "Ukikataliwa utauweka wapi uso?"

Nikamjibu kwamba uso wangu hauna shida ya mahali pa kukaa, na kwamba hakuna mtu anayeweza kunisifu mie kunishinda mie.

Zawadi nilichagua mwenyewe. Kanga doti moja, sukari, na kuku. Hapo ndipo watu wengi hukosea, hupeleka jogoo. Mie nilifikiri mbali. Nikaenda Kiwalani kwa mama mmoja mfugaji, nikamchukua kuku mtetea aliyetotoa wiki ileile, na vifaranga vyake, ili mjane wa watu aone nia yangu ya kupata watoto bila mimi kutamka neno la aibu. Na ili kuku asione ugeni, nikamwekea ndani ya tenga nyasi zake zilezile za kiotani alizoatamia. Yule mama alitaka kuniwekea nyasi mpya. Nikamkataza.

Siku ya kuondoka, alfajiri, nilivaa kanzu nyeupe na koti, tukashuka mpaka Feri. Tenga nililikumbatia mwenyewe, sikumwachia Kondo, kwa sababu zawadi ya moyo haibebwi na mtu mwingine. Tukavuka salama. Upande wa Kigamboni tukangoja mpaka mchana, tukapata lori linalokwenda kuchukua mbata, nazi zilizokaushwa, tukapanda nyuma, mie nimekaa juu ya magunia matupu na tenga nimelipakata, kidevu nimekiegemeza juu yake kwa sababu ya mitikisiko.

Kabla hatujafika mbali nikaanza kuwashwa kiunoni, pale nilipofunga msuli ndani ya kanzu. Nikajikuna kidogo, kiungwana. Halafu kwapani. Halafu uungwana ukaniishia. Mbele yangu alikaa mama mmoja na kapu lake la dagaa, akaniangalia kwa muda, mwisho akamuuliza Kondo rafiki yake anacheza ngoma ya wapi ile, maana yeye kazunguka pwani yote hajaiona.

Nikawaeleza abiria kwamba hao ni viroboto waliomo katika magunia ya mbata, na kwamba mtu mwenye ujuzi huwatambua mara moja. Yule mama akasema yeye pia kakalia magunia, na viroboto hupenda kuuma miguuni, vifundoni, mbona bwana anajikuna mbavu. Nikamwambia viroboto wa lori ni tofauti. Nikajipaka mate kama dawa ya haraka. Mate hayakufanya kitu.

Mbwamaji tulifika jioni, lori likakwama hapo mchangani, likashindwa kuendelea. Tukalala kwa binamu yake Kondo, mkeka mmoja, mie na Kondo na tenga letu karibu na kichwa changu, nikihofia ngawa asije kumla kuku wa posa. Kulipokucha shingo yangu yote na taya vilikuwa vimejaa vipele vyekundu vidogo vidogo kama mbegu za ufuta. Mikono nayo, hasa ule wa kushoto. Nikasema mbu wa Mbwamaji hawana adabu.

Kondo akainua mikono yake akaigeuza mbele yangu. Haikuwa na kipele hata kimoja.

"Tumelala mkeka mmoja," akasema.

Nikamweleza kwamba wadudu nao wana akili, wakikuta damu nzito na damu ya maji huchagua. Binamu yake, mtu mwema, akaniletea mafuta ya taa katika kifuniko cha kopo, akasema wao hupaka kidogo sana. Mie kidogo sijazoea. Nilijipaka mpaka nikanuka kama kibatari. Kuwasha kulipungua kidogo, mahali pake pakaingia kuungua. Nawaambieni sasa ili msirudie: mafuta ya taa ni ya taa.

Njia ya kwenda Kimbiji tulikwenda kwa miguu, na jua nalo likatoka kunisaidia. Jasho likaingia katika mafuta, mafuta yakaingia katika vipele. Penye shamba moja nikaona mndimu, nikakumbuka kwamba marehemu mama yangu alikuwa akipaka ndimu na chumvi mtu akiumwa na mdudu. Nikapasua, nikapaka. Mama yangu alikuwa akipaka mahali palipoumwa. Hakuwa akipaka mahali palipokwisha kukunwa mpaka ngozi ikatoka. Tofauti hiyo niliijua papo hapo. Nikaanza kuimba kwa sauti kubwa, na wakulima waliokuwa shambani wakanipungia mikono wakidhani naenda harusini kwangu.

Alasiri tukapiga hodi kwa Shomari. Alikuwa mtu mrefu, mkulima, mikono mizito, mwenye maneno machache. Kondo alimpa shikamoo ingawa hawapishani sana kwa umri, mie nikafuata. Tukakaribishwa barazani, mie nikapewa kitanda cha kamba kama mgeni mkubwa, Kondo akapata kigoda. Shangazi yao, Bi Mwanaidi, akatoka kutusalimu, akalipokea tenga, akaliweka pembeni ya mlango. Nyuma ya pazia la mlango nikasikia bangili. Nikajua Zuhura yupo, anasikiliza, na moyo ukanipanda. Safari, kuku, kanzu, vyote vilikuwa kwa ajili ya pazia lile.

Kondo akakohoa aanze. Nikamwahi. Nikaanza habari za magodoro, nikaingia kwenye bati, na nilipofika kwenye kengele ya baiskeli, mwasho ukanishika mgongoni, mahali mkono haufiki. Nikajisugua kwenye nguzo ya baraza. Naendelea kusema, najisugua. Shomari akaniangalia shingo, akaiangalia mikono, akasimama taratibu akakikunja kile kijamvi kilichokuwa karibu na miguu yangu, akakisogeza mbali.

"Bwana Salumu," akasema, "usinifikirie vibaya. Huo ni upele. Sitamtoa dada yangu kwa mtu mwenye upele, kisha mji mzima ukaambukizwa."

Nyuma ya pazia bangili zikanyamaza. Pale nilitakiwa kumwachia Kondo aseme. Badala yake nikasema kwamba mie nimekaa na vitanda vya watu zaidi ya miaka ishirini, nawajua kunguni kwa harufu, na kama nawashwa basi kunguni wametoka katika kitanda hikihiki nilichokalishwa.

Kondo alifunika uso kwa kiganja.

Shomari hakugomba. Aliniomba niinuke. Akakibeba kitanda mpaka uwanjani, akakigonga chini, pembe moja moja, kila mguu, kwa nguvu kama anapura mpunga. Majirani wakatoka. Bi Mwanaidi akaleta birika la maji ya moto, wakamimina katika kila tundu la mbao na kila fundo la kamba. Tukainama wote kuangalia. Hakuanguka hata mmoja. Mchanga ulikuwa safi, na watu wa Kimbiji wakauangalia, kisha wakaniangalia mimi.

"Haya," Shomari akasema. "Chukueni zawadi zenu, mkawahi njia."

Nawaambieni kweli, nimewahi kudhulumiwa sufi, nimewahi kuunguliwa na banda, lakini sijawahi kuhisi nyumba yangu ya bati ikiwa tupu kama dakika ile, nami sipo ndani yake. Nikaokota viatu. Hapo sauti ikatoka nyuma ya pazia, na nikaijua, ingawa mara ile nilisikia kicheko tu.

"Kaka, kabla hajaondoka, muulize kama ana vipele katikati ya vidole."

Shomari akaninyanyua mikono, akanitanua vidole. Hamna.

"Basi si upele. Upele ungeanzia hapo. Muulize kama vimejipanga mstari, kimoja nyuma ya kingine."

Havikujipanga. Vilitapakaa.

"Basi si kunguni, na mgeni atakiomba radhi kitanda chetu. Miguuni je?"

Miguu yangu ilikuwa safi kama ya mtoto mchanga.

"Kiroboto hapandi ghorofani akaacha chini. Viko wapi?"

Kondo akajibu badala yangu: kiunoni, kwapani, shingoni, tayani, na mkono wa kushoto kuliko wa kulia.

Bangili zikalia tena nyuma ya pazia. Halafu Zuhura akauliza, "Alikuwa kapakata nini?"

Watu wote wa uwanjani wakageuka kuliangalia tenga. Bi Mwanaidi akalifungua, akaingiza mkono chini ya yule mtetea, akautoa. Juu ya mkono wake walikuwa wanapanda wadudu, wadogo kama vumbi, wengi wasiosemeka, wanakimbilia kiwiko. Utitiri. Wanakaa kwa kuku anayeatamia, na zile nyasi za kiotani nilizozibeba kwa heshima zilikuwa mji wao mkuu. Mie nilikuwa nimewasafirisha kutoka Kiwalani, nikawavusha bahari, nikawalaza karibu na kichwa changu.

Ile ndiyo mara ya pili nilisikia kicheko cha Zuhura. Alicheka mpaka akakaa chini, tulisikia kishindo.

"Shangazi, msimwache aondoke hivyo," akasema alipopata pumzi. "Atawapandisha wadudu wote kwenye lori la watu."

Mambo yakaenda haraka. Nyasi zikachomwa. Kuku akamwagiwa majivu ya jikoni mpaka chini ya mbawa. Shomari akanipeleka nyuma ya nyumba na sabuni na mtungi wa maji ya baridi, akanambia nijisugue taratibu bila kucha, mafuta ya taa yote yatoke. Nguo zangu zikatiwa katika sufuria ya maji yanayochemka. Nikapewa msuli wa Shomari, nikarudishwa barazani, kwenye kitanda kilekile, nikakiomba radhi mbele ya majirani.

Halafu Bi Mwanaidi akaja na jiwe lake la kusagia na kipande cha liwa, ule mti wa kunukia. Nikasema hapana. Liwa ni mambo ya wanawake. Mwari wa harusi ndiye anayepakwa hiyo akasingwa akanukia. Bi Mwanaidi akaendelea kusaga na maji kana kwamba anayesema ni mbuzi.

"Watoto tunawapaka wakitoka vipele vya joto," akasema. "Wewe leo ni mtoto. Kaa."

Shomari akanipaka mgongo. Shangazi akanipaka shingo, taya, mashavu, mpaka masikioni. Ubaridi ule, jamani. Tangu Kigamboni nilikuwa sijapumua sawasawa. Na kila jirani aliyepita akawa anasema hii ni mpya, bwana harusi kusingwa kabla ya bibi harusi. Nikataka kuwajibu.

"Usiseme," Bi Mwanaidi akaniambia. "Ukisema itapasuka, idondoke. Kaa hivyo mpaka ikauke, na usijikune."

Nikakaa. Nilikuwa nimekauka uso kama ukuta uliopakwa chokaa, macho tu yanazunguka. Ndipo Kondo akavuta kigoda karibu na Shomari na kuanza kazi yake. Sikuweza kumzuia.

Hakutaja bati. Hakutaja baiskeli. Alisema, kwa sauti yake ileile ya kuomba radhi, kwamba Salumu alimuuguza mke wake mwaka mzima bila kumrudisha kwao. Alisema mama mmoja fukara wa Temeke alipofiwa, Salumu alimpelekea godoro akasema limekosewa vipimo, halina mnunuzi, ili asione haya kulipokea. Kisha akasema mwenzake huyu ana maneno mengi kwa sababu nyumbani hakuna wa kumsikiliza. Mambo hayo mie sikuwahi kuyatangaza. Nilitaka kumkatiza, nimsahihishe lile la mwisho, lakini liwa ilikuwa bado mbichi kidevuni. Nikakaa na mwasho wangu, mikono juu ya magoti.

Kondo alipomaliza, Bi Mwanaidi akaingia ndani. Walinong'ona kwa muda. Alipotoka alisimama mbele yangu, akanigusa shavu kuona kama limekauka.

"Zuhura anasema huyu aliyenyamaza amemkubali," akasema. "Yule aliyeingia alasiri na kuku, arudi kwao Temeke."

Kesho yake tulirudi na lori la mbata kutoka hapohapo Kimbiji. Kanzu yangu ilikuwa imechemshwa, imeanikwa juani, imepungua urefu. Sikuwashwa tena isipokuwa kidogo begani, na hapo niliweka kitambaa cha maji ya baridi, nikaacha.

Yale niliyojifunza nimekwisha kuwasimulia njiani: angalieni vipele vilipokaa kabla hamjataja mdudu, msimlaumu mwenye kitanda, msijikune, na kuku wa zawadi apakwe majivu kabla hajapakatwa. Ama kuhusu kunyamaza, ndoa yetu sasa ina umri wake, na Zuhura hajawahi kujuta. Jambo moja naweza kusema bila woga: katika Temeke nzima, hamna mwanamume anayejua kunyamaza kunishinda mie, na mwenye kubisha aje nyumbani nimweleze, ana muda wa kutosha.