Nimelia ukumbini Igogo, wakanipigia makofi

Leo nimelia na maiki mkononi, ukumbi mzima ukanipigia makofi.

Mnajua huwa najitolea kuongea na vijana kuhusu afya ya akili. Nikaanza na maneno yangu ya siku zote: sisi wakimbiaji tukiumia goti tunakimbilia hospitali, mbona tukiumia moyoni tunajificha?

Nikakwama hapo hapo.

Nikajisikia nikisema, "Tangu niumie goti, kuna asubuhi sitaki hata kuamka."

Machozi hayo.

MC akadhani naigiza! "Mpeni dada makofi ya kilo!"

Wakapiga. Jamani, walipiga kweli.

Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za nje. Binti mmoja akanifuata. Nikajua anataka selfie, na mimi uso umevimba.

"Dada, yale ya asubuhi ni kweli?"

"Ni kweli, mdogo wangu."

"Hata mimi."

Akakaa. Tukaangalia ziwa pamoja.

Nilienda kusaidia vijana kama yeye, kumbe yeye ndiye mtu wa kwanza kunielewa tangu niumie. Kesho bado sina hamu ya kuamka. Ila nimemwahidi kumpigia simu asubuhi, kwa hiyo nitaamka.

Msiniwekee emoji za makofi kwenye maoni hapo chini. Niambieni tu: nani mwingine asubuhi zake ziko hivi?