Chupa ya Mkamuo wa Kwanza

Watu walimwita Mama Mafuta. Alikuwa akikamua haradali kwa mashine ya mkono kwenye kibanda nyuma ya nyumba, na fundi viatu wa jirani hakuchoka kumtania: "Kwako wewe, hata mlango haulii."

Shamba lake lilikuwa dogo, na mbuzi wa watu hawakukoma kuliingia. Basi pembeni ulipochipua mmea wa miiba mitupu, miiba mpaka mgongoni mwa majani, hakuung'oa. Majani yake yalikuwa na michirizi myeupe, utadhani yamemwagikiwa maziwa. Ukivunja shina, utomvu wa manjano unachuruzika, na maua yake ni ya manjano vilevile, membamba kama karatasi ya pipi. Mbuzi waliunusa wakageuka.

"Nimepata uzio wa bure," alijisifu.

Uzio ukazaa, ukaingia katikati ya haradali. Siku ya kuvuna alikata vyote pamoja, akapura, akapepeta. Mbegu za mmea ule nazo ni nyeusi, mviringo, ndogo kama za haradali. Ungo haukuzitenga.

Mkamuo wa kwanza ulikuwa wa mama yake mzazi, kama kila mwaka: kijiko kizima kwenye chakula chake. Wiki ya tatu miguu ya bibi kizee ikavimba.

"Mwanangu, viatu vimepungua au mimi ndiye ninayekua?"

Walicheka. Kisha Mama Mafuta akafanya lile analolijua: akamchua miguu kwa mafuta yaleyale, asubuhi na jioni, na kijiko kimoja akakifanya viwili. Uvimbe ukapanda magotini. Halafu pumzi ikaanza kumkatika.

Hospitalini daktari aliuliza wanapikia mafuta gani, akaomba aletewe na mbegu. Alizimwaga kwenye karatasi nyeupe, akampa Mama Mafuta lenzi. Nyingine zilikuwa laini. Nyingine zilikuwa na vijishimo mwili mzima, kama zimefumwa wavu.

"Hizi za wavu ni za mpopi mwitu, ule wa miiba. Unaujua?"

"Naujua. Ndio uzio wangu."

"Mafuta yake ni sumu, mama. Nani mwingine ameyatumia?"

"Hakuna. Ya kwanza ni ya mama peke yake." Akaiweka lenzi mezani. "Dawa yake?"

"Kuyaacha. Na kuusaidia moyo. Lakini moyo wake umechoka mno, sitakudanganya."

Alirudi kitandani kwa mama yake, akakaa upande wa miguu.

"Nichue kidogo," mama alisema. "Mikono yako ndiyo inayonilaza."

Akaanza kumchua kwa mikono mikavu.

"Mbona leo huna mafuta? Yamekwisha?"

"Yamekwisha, mama."

"Basi ukamue mengine. Yananifaa sana yale."

Mama Mafuta aliendelea kuchua. Kila alipobonyeza, kidole kiliacha shimo kwenye ngozi, na shimo halikujaa. Akasogeza mkono pengine, akabonyeza, likabaki shimo jingine.