Gari Lililonuka Dagaa

Nililinunua kwa hela ya dagaa, na nalisema hilo mapema kwa sababu watu wa mtaa wetu pale Mirongo walichelewa sana kuliamini. Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Magari yaliyokwisha kutumika huko Japani yalikuwa yameanza kuingia mjini, madogo, meupe, yasiyokunywa mafuta mengi, na mojawapo likawa langu. Gia zake zilikuwa za mkono. Nilijifunza kuliendesha uwanjani nikiwa nimejifunga kanga kiunoni, na wanaume waliokuja kunicheka walicheka mpaka wakachoka. Baadaye, waliponiona nikikata kona za sokoni kiti cha nyuma kimejaa magunia, waligeuza shingo kunitazama.

Biashara ilipokua, magunia yakawa hayaenei. Nikapata pikapu, mwenyewe akakubali kunisubiri kwa siku chache tu, na hela ya kuikamilisha ilikuwa ndani ya lile gari dogo. Basi nikaandika LINAUZWA kwenye kipande cha boksi, nikakiegemeza kwenye kioo. Shoga yangu akanikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu kuwa gari langu halijitembezi, limeegeshwa.

Wanunuzi walikuja, wote na swali moja: baba yupo? Nikiwaambia kuwa mwenye gari ni mimi, walitabasamu, wakalizunguka kwa adabu, wakaahidi kurudi. Hakurudi hata mmoja. Hasira zilinipanda hadi nikapika mboga bila chumvi. Ningeweza kumsimamisha mume wangu pale nje na gari lingeuzwa siku hiyohiyo, lakini sikuwa tayari. Jasho lililolinunua lilikuwa langu, na nilitaka gari liuzwe kwa jina langu.

Mwisho akaja mzee mmoja kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, mfugaji aliyekuwa amefungua duka na kujifunza udereva ukubwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha naye akauliza alipo baba. Nilifungua boneti nikaanza kumtajia kasoro za gari langu. Gia ya pili hulalamika ukiiharakisha. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Mshale wa mafuta umeganda, usiuamini. Breki ya mkono imelegea. Na ukifunga vioo wakati wa jua kali, pua yako itakuambia lilikuwa linabeba nini. Mama yangu aliuza samaki maisha yake yote na hakuwahi kumlaza samaki ubavu mbovu chini ili mteja asiuone. Biashara niliyofundishwa ni hiyo.

Kumbe nilikuwa najiharibia. Mzee yule alikuwa amezeekea minadani, ambako muuzaji husifia ng'ombe wake tangu pembe hadi mkia na mnunuzi ndiye hutafuta ubovu. Mtu anayejitangazia ubovu mwenyewe hakuwahi kumwona. Alirudi nyuma akanitazama kwa mashaka.

"Mama, mtu akikutajia upele wa ng'ombe, ujue anaficha ugonjwa wa mapafu," akasema. "Hilo kubwa ni lipi?"

Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa, akaomba baba aitwe ili wanaume wazungumze. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa sebuleni akisahihisha madaftari, na kila neno lilikuwa linamfikia. Alitoka na kalamu yake nyekundu mkononi, akamwamkia mzee, kisha akasema taratibu kama anavyosema darasani:

"Gari ni la mama, mzee wangu. Mimi hata kuliwasha sijui."

Nilimpenda sana siku ile. Aliyasema hayo mbele ya mwanamume mwenzake, majirani wakisikia, na hakuona haya hata chembe. Kisha akarudi kwenye madaftari yake.

Mzee akatoa sharti. Nilipeleke gari mwenyewe hadi kivukoni, nilipandishe kwenye pantoni ya Kamanga iendayo kwao. Likipanda bila kuzimika na bila kuteleza, analichukua. Likishindwa, nirudi nalo nyumbani. Nilijua kwamba anayepimwa ni mimi kuliko gari. Nikachukua ufunguo.

Pale kivukoni magari yaliingia kinyumenyume, ili yakifika ng'ambo yatoke kwa mbele. Lango la chuma la pantoni, linalolazwa kuwa daraja la kupandia, lilikuwa limelowa, na ziwa lilikuwa linalinyanyua na kulishusha. Mbeba mizigo mmoja aliponiona kwenye usukani alikuja dirishani, akaniambia nishuke, nimwachie mzee aniingizie. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kando yangu, akiitazama mikono yangu. Nikaweka gia ya nyuma, nikaachia klachi polepole mpaka injini ikashika, nikakanyaga mafuta kidogo. Magurudumu yakapanda chuma. Katikati ya lango, baiskeli yenye tenga la nyanya ikakatiza nyuma yangu, ikabidi nisimame palepale penye mwinamo. Nikalishikilia gari kwa klachi na mafuta, likatulia likitetemeka, na wanaume wote wakawa wananitazama. Baiskeli ikapita. Nikaendelea hadi mwisho wa pantoni, nikazima injini.

Mzee alishuka, akatoa hela kwenye koti lake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Yule mbeba mizigo alikuwa ametufuata. Akamuuliza mzee kwa nini mwenye gari hakuja kumkabidhi mwenyewe.

"Mwenye gari ndiye huyu," mzee akasema. "Wewe ulitaka ashuke."

Nikampa ufunguo, nikamuaga. Pantoni ilikuwa imeanza kunguruma. Nikashuka lango lile kwa miguu, nikapita katikati ya wanaume waliosimama pale, nao wakanipisha.